Mjumbe Arudipo kwa Ndege

Zamani mtu aliyetoka Mombasa kwenda Uingereza alisafiri melini karibu majuma matatu, akipita katika Mfereji wa Suez. Wakati wa kurudi alipata majuma mengine kama hayo ya kutafakari aliyoyaona na atakayowaambia watu wake. Ndege imeiondoa nafasi hiyo. Mjumbe hula chakula cha jioni angani, husinzia kidogo kitini, na kabla hajazipanga karatasi zake huambiwa afunge mkanda, kwa kuwa Nairobi iko karibu.

Ndivyo walivyorudi wajumbe wa Kenya mwaka 1960. Tangu tarehe 18 Januari hata mwezi wa Februari walikuwa wamekutana katika Lancaster House, London, pamoja na Bwana Iain Macleod, Waziri wa Makoloni. Wajumbe Waafrika, ambao kiongozi wao alikuwa Bwana Ronald Ngala na katibu wao Bwana Tom Mboya, hapo kwanza walikataa kuingia kikaoni kwa sababu ya ugomvi juu ya Bwana Mbiyu Koinange, waliyemtaka awe mshauri wao. Mwishowe waliingia, na mkutano ukatoa jambo lisilopata kuwako: kwamba Waafrika watakuwa wengi katika Baraza la Kutunga Sheria. Bwana Michael Blundell, kiongozi wa New Kenya Group, alilikubali.

Alipofika uwanja wa ndege wa Nairobi, Mzungu mwenzake alimtupia miguuni sarafu thelathini za fedha. Kila aliyesoma Injili alifahamu maana yake: ni bei ya Yuda. Bwana Blundell alikuwa amesikiliza hoja na majibu kwa majuma kadhaa.  Yeye alikuwa amesafiri kwa fikira, na yule aliyemtupia sarafu fikira zake zilikuwa pale pale. Wazee husema mjumbe hauawi. Lakini hawakusema hatukanwi.

Wajumbe Waafrika walikuwa na mzigo wa namna nyingine. Watu wao walitaka Uhuru sasa, na mapatano waliyorudi nayo yalihesabu viti vya Baraza. Shangwe nayo hudai, na pengine hudai kuliko matusi. Tena umoja wa safari haukudumu: kufikia mwisho wa Juni mwaka ule ule vilikuwa vimekwisha kuundwa vyama viwili, KANU na KADU, Bwana Mboya akawa upande mmoja na Bwana Ngala upande wa pili.

Basi kila atumwaye mkutanoni, awe ametumwa na chama cha ushirika, na kanisa au na walimu wenzake, na ajue kwamba kazi yake haikwishi alipotia sahihi. Na aeleze kwanza yaliyokataliwa na sababu zake, ndipo ataje yaliyopatikana. Na awavumilie wasioelewa, kwa kuwa wao hawakupanda ndege ile.

Kenya ilipata Uhuru tarehe 12 Desemba 1963. Bwana Blundell hakuihama. Aliishi humo hata alipofariki mwaka 1993. Aliyetupiwa fedha za msaliti alikaa katika nchi ile ile aliyoambiwa kwamba ameiuza.