Ukienda kwa Daktari, Usiuache Ugonjwa Nyumbani



Waliokuwa watu wazima mwaka 1973 wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa njia ya redio na vikundi vya masomo, wananchi walihimizwa kuchimba vyoo, kutumia maji safi na kujikinga na mbu. Yalikuwa mafunzo mema. Lakini liko somo moja ambalo wengi wetu hatujalipata hadi leo, nalo ni namna ya kuzungumza na daktari.

Mimi ni mzaliwa wa Karagwe, na kila nirudipo likizo huwasindikiza wazee hospitali. Mwaka 2012 Kyerwa ilipata kuwa wilaya yake yenyewe, lakini safari ya mgonjwa bado ni ndefu. Yuko atokaye Murongo, mpakani mwa Uganda, alfajiri na mapema, akapita Nkwenda hadi Omurushaka ili aonwe katika Hospitali ya Nyakahanga. Hulipa nauli, hupoteza siku nzima, huacha kahawa yake imeanikwa uani. Kisha hukaa na daktari dakika chache tu. Je, dakika hizo huzitumiaje?

Aghalabu huzitumia vibaya. Shangazi yangu mmoja alipoulizwa linalomsumbua alijibu, "Ni homa tu, mwanangu." Akaeleza kichwa na viungo, akaandikiwa vipimo. Tulipofika nje ndipo aliponinong'oneza kwamba alikuwa akitokwa damu, ilhali hedhi ilimkoma miaka mingi iliyopita. Aliona haya kulitamka jambo hilo mbele ya kijana wa rika la mjukuu wake. Tukarudi ndani, akalisema, akapangiwa uchunguzi mwingine. Damu ya namna hiyo yaweza kuwa dalili ya saratani ya kizazi au ya shingo yake, na saratani hiyo ikigunduliwa mapema hutibika. Lau tungalipanda basi, tungalirudi na dawa za homa, na ugonjwa wenyewe tungalirudi nao vilevile. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Kwa hiyo, jambo la kwanza litangulize lile unalolionea haya. Ukiona vigumu, omba uonwe na mhudumu wa jinsia yako.

Pili, onyesha kwa kidole na utaje siku. Mzee wetu asemapo kwa Kinyambo kwamba "omutima" unamuuma, huenda mkono wake uko kwenye chembe cha moyo, yaani juu ya tumbo. Maumivu yalianza lini? Huja usiku au baada ya kula?

Tatu, chukua dawa zote unazotumia pamoja na makasha yake, na utaje mitishamba. Kama umekunywa maji ya mubirizi, sema. Daktari hakusudii kukuaibisha. Yako majani ambayo hayapatani na vidonge vya hospitali.

Nne, ukiulizwa umesafiri wapi na umemuuguza nani, jibu kwa ukweli. Mkoa wetu ulipatwa na ugonjwa wa Marburg mwaka 2023, na tena mwaka 2025 huko Biharamulo. Jibu la kweli huwaokoa jamaa zako na wauguzi pia.

Tano, usiinuke kabla ya kujua mambo matatu: ninaumwa nini, dawa nitazitumiaje, nirudi lini. Ukiandikiwa 1×3, maana yake ni kidonge kimoja kila baada ya saa nane. Dawa mseto ya malaria humezwa siku tatu kamili, hata kama homa imetulia siku ya pili. Na vidonge vya shinikizo la damu haviachwi kwa sababu tu kichwa hakiumi tena.

Nawe mfanyakazi wa mjini unayemsindikiza mzazi, usimsemee. Mkae pamoja jioni ya kuamkia safari, umwandikie maneno yake mwenyewe kwenye karatasi. Mbele ya daktari mwache aseme, nawe ukumbushe tu palipopungua. Na akitaka utoke nje kidogo, toka bila kinyongo. Huenda hilo ndilo lililomleta.

Daktari amesomea maradhi, lakini habari za mwili wako unazo wewe. Usimnyime.