Kilatini na Sufuria

Mimi ni katekista hapa Bunia. Nilisoma seminari ndogo, nikaanza falsafa, kisha nikatambua ya kuwa upadri si wito wangu, nikarudi nyumbani, nikaoa. Hayo watu waliyapokea. Wasilolipokea ni jambo la mwaka 2016, nilipowaambia kwamba ninakwenda Jinja, Uganda, kusoma upishi katika chuo cha hoteli kwa miaka miwili.

Baba mkwe aliuliza mara moja tu: «Wewe uliyesoma Kilatini, unakwenda kujifunza kusonga bugali? Binti yangu hajui?»

Sikuwa na jibu. Ukatekista haulishi nyumba, na mwenye nyumba moja ya wageni alikuwa ameniahidi kazi. Basi nikapita Mahagi, nikavuka mpaka pale Goli, hata nikafika Jinja, mahali Mto Nile unapotoka katika Ziwa Victoria.

Kiingereza changu kilikuwa cha kuokota. Lakini majina ya michuzi mikubwa karibu yote ni ya Kifaransa, na hapo wenzangu waliuma ulimi, nami niliyataja kama mwenye mali. Tulipima kila kitu kwa mizani, hata chumvi. Tukafundishwa kwamba maji ya pwani huchemka yakifika nyuzi 100, lakini mahali palipoinuka kama Jinja au Bunia huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, kwa hiyo maharagwe huchelewa kuiva. Nikamkumbuka mama yangu, aliyeyaloweka usiku kucha bila kumwuliza mwalimu ye yote.

Somo lililonishika zaidi lilikuwa la muhogo. Muhogo mchungu hutoa sumu iitwayo sayanidi. Kuuloweka siku tatu au zaidi, kisha kuuanika, huondoa sehemu kubwa ya sumu hiyo. Anayeula wiki nyingi bila kuulowesha vema, tena bila samaki, nyama wala maharagwe, aweza kupooza miguu ghafula, na kupooza huko hakuponi. Wayaka wa Kwango, magharibi mwa nchi yetu, huuita ugonjwa huo konzo, yaani miguu iliyofungwa; Daktari Trolli aliuandika mwaka 1938. Huwapata hasa watoto na wanawake.

Nilirudi mwaka 2018. Watu maelfu walikuwa wamekimbia mauaji ya Djugu na kuja Bunia, na ile kazi niliyoahidiwa haikuwapo tena. Nikawasaidia akina mama wa parokia kuwapikia watoto wa wakimbizi. Asubuhi moja nikamkuta mama wa makamo akiopoa mihogo iliyolala majini usiku mmoja tu. Nikaanza kuhubiri: sayanidi, konzo, siku tatu. Nilisema vizuri, nakiri.

Aliendelea kuopoa. Kisha akasema: «Mwalimu, kwetu tunaloweka siku nne. Mama yangu alinifundisha wewe hujazaliwa. Lakini kule nilikuwa na kijito nyuma ya nyumba, na chakula cha kula nikingojea. Hapa nina beseni moja, na watoto hawa sita wanalia tangu jana.»

Nikanyamaza. Huko Jinja maji tuliyapata kwa kufungua bomba, wala sikumbuki siku tuliyoulizwa yatatoka wapi.

Siku hiyo na zilizofuata tuliwapa watoto uji wa mahindi, tukiomba unga nyumba kwa nyumba. Nikaenda kwa baba mkwe kuazima mapipa mawili. Aliyaleta mwenyewe, amelifunga moja nyuma ya baisikeli na kurudi kulichukua la pili, wala hakutaja Kilatini. Mihogo ikarudi majini, na kazi yangu ikawa kuchota.

Siku ya nne yule mama akatoa kipande, akakinusa, akakiminya kikavunjika vidoleni.

«Mwalimu wa Jinja,» akaniita, «lete mkeka tuanike.»