Nilikataa Mahindi Pale Mau Summit

 Nawaandikia kutoka hapa Nakuru.

Wiki hii sitaandika mahubiri. Nina ungamo, na ni refu kidogo, kwa hivyo keti na kikombe chako cha chai. Iwe na sukari au bila, utaelewa mbele kwa nini nimesema hivyo.

Wengi wenu mnakumbuka ile suti yangu ya kijivu iliyokuwa haifungi kifungo. Mwaka jana nilipimwa sukari kabla ya kula asubuhi, ikasoma 8.4. Daktari akaniambia kuanzia 7 kwenda juu, ikipimwa tena na kubaki huko, huo ni ugonjwa wa kisukari. Tukapima tena, ikabaki huko. Nilikuwa na kilo 104. Nikaandikiwa vidonge vya metformini, nikaambiwa nipunguze uzito na nitafute mazoezi ninayoweza kuyafanya kila wiki. Marehemu baba alikatwa mguu kwa sababu ya ugonjwa huu. Mimi ndiye niliyekuwa nikimsukuma kwa kiti cha magurudumu kwenda kanisani. Sikuhitaji kuambiwa mara mbili.

Mazoezi niliyochagua ni baiskeli. Chakula, nikaelekezwa kwenye ile njia wanayoiita keto. Siyo jambo lililozaliwa kwenye simu zetu. Mwaka 1921 daktari mmoja wa Mayo Clinic kule Marekani, Russell Wilder, aliipendekeza kwa wagonjwa wa kifafa. Unapunguza wanga (nasema wanga wa chakula, si wale wa usiku!) hadi chini ya gramu 50 hivi kwa siku. Sahani moja ya ugali peke yake inapita hapo. Mwili ukikosa wanga, ini linaanza kugeuza mafuta kuwa ketoni, na mwili unatumia hizo kama kuni badala ya sukari.

Wiki ya kwanza niliteseka. Kichwa kiliuma, miguu ilikaza usiku, nikawa mkali hata kwa Mama Kanisa. Baadaye nikaelewa kwamba ukiacha wanga, mwili unamwaga maji na chumvi nyingi kupitia mkojo. Nikaanza kunywa supu yenye chumvi, mambo yakatulia. Nikala mayai, avokado, sukuma wiki, managu, omena na nyama. Asubuhi nilizunguka polepole hadi Elementaita na kurudi, na mwili ulinyamaza kabisa, hauniulizi chakula. Baada ya miezi minne nilikuwa kilo 89, na sukari ya asubuhi ilisoma 6.1. Daktari alifurahi. Nami nilimshukuru Mungu, na bado namshukuru.

Wapendwa, mpaka hapo hakuna dhambi. Dhambi ilianza nilipoipeleka madhabahuni.

Mnakumbuka ile Jumapili. Nilisimama nikasema ugali ni mnyororo. Nikasema kuna watu wanaombea sukari ishuke huku sahani imejaa mlima. Mkacheka, mkapiga makofi, nami nikapata moto zaidi. Nikauliza ni nani yuko tayari kutoka Misri wiki hii. Mikono mingi ikapanda. Sikuuliza hata mmoja wenu anatumia dawa gani.

Wiki tatu baadaye tukaondoka na vijana watano kwenda Eldoret kwa baiskeli, kuchangisha karo ya wale watoto wawili mnaowajua. Ni kama kilomita 155. Tulitoka saa kumi na moja na nusu alfajiri. Vijana walikula chapati na chai ya maziwa. Mimi nilikula mayai matatu na avokado, na nikahakikisha wameona.

Mpaka Salgaa nilikuwa sawa. Tulikwenda mwendo wa kuongea, na huo ndio mwendo ambao mafuta yanauweza vizuri. Kisha mlima wa Sachang'wan ukaanza, na wale vijana wakaongeza kasi. Mtu mwenye hekima angewaacha waende. Lakini mimi nilikuwa mfano wa kuigwa, kwa hivyo nikawafuata.

Sasa hebu niwaeleze kilichotokea mwilini, kwa sababu baadaye nilikwenda kuuliza. Kila mtu ana ghala mbili. Moja ni ya wanga, ndani ya ini na misuli, nayo ni ndogo, kama nusu kilo hivi ikijaa. Nyingine ni ya mafuta, na ni kubwa mno. Kilo kumi tu za mafuta ya mwili zina kalori zaidi ya 70,000. Ndiyo maana watu husema keto ni nzuri kwa safari ndefu, kwani ghala haliishi. Ni kweli haliishi. Lakini mlango wake ni mwembamba. Mafuta yanahitaji oksijeni nyingi zaidi kuliko wanga ili kutoa nguvu ileile. Ukienda polepole hutaona tofauti. Ukipanda mlima kwa nguvu, huku hewa inazidi kuwa nyepesi kuelekea Timboroa iliyo zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, utaiona.

Mwaka 2017 mtafiti wa Australia, Louise Burke, na wenzake walichapisha utafiti wao kuhusu wanamichezo wa kutembea kwa kasi, watu wa kiwango cha dunia. Wale waliokula mafuta mengi na wanga kidogo, miili yao ilijifunza kweli kuchoma mafuta. Lakini walihitaji oksijeni zaidi kwa mwendo uleule, na katika mbio za kilomita 10 hawakuboresha muda wao kama wenzao walivyoboresha. Na hapa kwetu, utafiti uliochapishwa 2004 kuhusu wakimbiaji wetu wa mbio ndefu ulikuta zaidi ya robo tatu ya nguvu wanayokula inatokana na wanga, na ugali ukiwa chakula chao kikuu. Ule ugali niliouita mnyororo ndio umeleta medali nyingi nyumbani.

Basi, tukiwa hatujafika makutano ya Mau Summit, miguu ikagoma. Paja la kulia lilikaza kama ubao. Macho yakaanza kuona ukungu, na malori yanapita karibu yakinguruma. Nilishuka kwenye baiskeli kabla sijaanguka, nikaketi kwenye nyasi.

Kulikuwa na mama anayechoma mahindi kando ya barabara. Aliniangalia, akachukua hindi moja, akalipaka ndimu, chumvi na pilipili, akaniletea bila kuniuliza pesa.

Nikakataa.

Wapendwa, nilikuwa natetemeka, lakini nilikataa. Nikamwambia, "Asante mama, mimi sili wanga."

Akaniangalia kwa muda. Akaniuliza, "Ni daktari amekukataza?"

Sikuwa na jibu. Daktari hakunikataza hindi moja mlimani. Aliponipa ruhusa ya safari hii alisema wazi kwamba nikisikia kizunguzungu nile kitu. Aliyenikataza ni mimi, na ni kwa sababu vijana walikuwa wamerudi na wamesimama pale wakinitazama.

Mdogo wao ndiye aliyesema, kwa heshima, "Pasta, kula."

Nikala. Yule mama akanimiminia chai ya tangawizi kutoka kwenye chupa yake, tamu sana. Baada ya nusu saa hivi macho yalisafika na paja likalegea. Niliendelea, nyuma ya wote, kwa mwendo wangu, nikila ndizi moja Timboroa na nyingine Burnt Forest. Tulifika Eldoret jioni. Usiku nikapima sukari, ilikuwa 6.8. Hindi halikuniua.

Ningetamani ungamo liishie hapo, tucheke, twende zetu. Lakini Jumanne nilipigiwa simu.

Mama mmoja wa kwaya yetu, ambaye amenipa ruhusa niandike haya bila jina lake, alikuwa mmoja wa walioinua mkono ile Jumapili. Yeye hatumii metformini kama mimi. Yeye anajidunga insulini. Aliacha ugali, akaacha wali, akaacha viazi, lakini akaendelea kujidunga kipimo kilekile cha siku zote. Insulini kazi yake ni kuitoa sukari kwenye damu. Ukipunguza inayoingia na usipunguze inayoitoa, itashuka hadi chini. Wiki zile tatu alikuwa akiona kizunguzungu, akidhani ni mwili unazoea. Alfajiri hiyo binti yake alimkuta amelowa jasho, anaongea maneno yasiyoeleweka. Jirani akakoroga sukari kwenye maji, wakamnywesha kidogokidogo kwa kuwa alikuwa bado anaweza kumeza, wakamkimbiza hospitali.

Yuko hai. Jina la Bwana lihimidiwe, yuko hai.

Nilipofika kando ya kitanda chake, alinishika mkono, na jambo la kwanza alilosema ni hili: "Pasta, nisamehe. Nimeshindwa."

Yeye ndiye aliyeniomba msamaha mimi.

Nilitoka nje nikasimama pale kwenye maegesho, nikalia kama mtoto. Kwa sababu mlimani, nilipolemewa mimi, mtu aliniletea chakula na kikombe cha chai, na nikapona kiburi changu kwa nusu saa. Lakini kondoo niliyepewa kumlisha, mimi nilimpa sheria. Na alipoanguka, alidhani ameanguka kwa kukosa imani.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma habari za Eliya katika 1 Wafalme 19. Mara nyingi nimeihubiri kama habari ya mtu aliyevunjika moyo. Sikuwahi kutazama chakula. Mtu wa Mungu amekimbia jangwani, amechoka, amelala chini ya mti anaomba afe. Malaika anapokuja hamkemei. Hamwambii afunge zaidi. Anamwandalia mkate ulioka juu ya makaa, na maji. Anakula, analala. Malaika anarudi mara ya pili, anamlisha tena, kwa sababu safari iliyo mbele ni ndefu kuliko nguvu zake. Kwa chakula hicho akatembea siku arobaini. Mkate, wapendwa. Wanga mtupu.

Na Danieli katika ujana wake alikula mboga na maji, na ikamfaa. Mungu yuleyule. Danieli hakumpelekea Eliya orodha ya vyakula.

Kwa hivyo naomba msamaha kwenu, hadharani, kama vile nilivyokosea hadharani. Chakula kilichonisaidia mimi ni dawa yangu, niliyopimiwa mimi. Sikupewa niwapimie ninyi wote kwa kikombe kimoja.

Na kwa sababu najua wengine bado mnaendelea, naomba mnisikilize kwa haya machache.

Kama unatumia insulini, au vidonge kama glibenklamidi, usibadilishe chakula kabla ya kuongea na daktari wako. Huenda dawa ikahitaji kupunguzwa, na si wewe wala mimi wa kuipunguza. Kama una mimba, unanyonyesha au una shida ya figo, uliza kwanza pia.

Kama unaendesha baiskeli na unakula keto, jipe wiki kadhaa za mwendo mdogo kabla ya safari ndefu. Usisahau maji na chumvi. Na kwenye mlima, beba ndizi. Kuila si kurudi nyuma kiroho.

Kama mwenzako wa kisukari anatetemeka, anatoka jasho na kuchanganyikiwa, na bado anaweza kumeza, mpe kitu chenye sukari mara moja, kisha mpeleke hospitali. Akiwa amezimia usimtie kitu mdomoni, mkimbize hospitali.

Jumamosi hii baada ya maombi, muuguzi mmoja wa kanisa letu atakuwa pale ukumbini kupima sukari na presha. Njoo na dawa zako kwenye mfuko, usione haya. Mimi nitakuwa wa kwanza kwenye foleni.

Tuombe. Baba, umetuumba kila mmoja na mwili wake. Tufundishe kuutunza bila kuuabudu. Nihurumie mimi mchungaji, niliyewawekea watu wako mzigo ambao hukunituma niwabebeshe. Mponye mama yetu, mrudishe kwenye kwaya. Na yule mama wa mahindi pale barabarani, ambaye sikumuuliza jina, mbariki na biashara yake. Katika jina la Yesu, ameni.

Kama una mzazi au rafiki mwenye kisukari, mtumie ujumbe huu leo. Na kama wewe ni mmoja wa walioinua mkono ile Jumapili, nipigie. Nataka kukusikia.

Mchungaji wenu, aliyekula ugali nusu sahani jana jioni, na Mama Kanisa akacheka.