Neno "Pokea"

"Pokea!" mwalimu alipaza sauti. Mtoto akaupokea mpira kwa viganja viwili, akaukumbatia kifuani kama aliyekabidhiwa zawadi. Kosa lilikuwa la nani? Katika voliboli mpira haushikwi. Lakini katika Kiswahili cha nyumbani, hasa penye adabu, kipokewacho hushikwa, tena kwa mikono miwili.

Wavu wa Malkia Strikers, timu ya taifa iliyoshiriki Olimpiki kwa mara ya kwanza Sydney mwaka 2000, huwa na kimo cha mita 2.24. Wa Gredi ya Nne ulikuwa kamba ya katani kati ya mikaratusi miwili, usawa wa kidevu cha mwalimu. Hilo lilirekebishika upesi. Neno ndilo lililomtoa jasho. Alijaribu "gonga", wakapiga ngumi, mpira ukaishia kwenye mahindi ya jirani.

Siku ya tatu aliwakunjisha magoti, akawanyoosha mikono, akasema: "Mpitishie mwenzako." Binti mmoja, ambaye mikono ilikuwa ikimwasha hata akaapa kutorudi uwanjani, akauacha mpira utue juu ya vigasha. Ukapaa, ukavuka wenzake wawili, ukamfikia wa tatu.

Huyo akaudaka, akaukumbatia.