Funga Mzigo, Kisha Tawakali



Bara, mtu akinunua gari la fahari, la mashindano ya mbio, hulipakia juu ya tela lililo wazi, akayafunga magurudumu kwa mikanda, akalikokota kwa gari jingine. Sisi wa Kipungani tela letu ni mashua. Kitanda cha maharusi, kabati, friji na mifuko ya saruji hupakiwa mjini Lamu katika mashua isiyo na injini, nayo hukokotwa na boti ya mashini, ikapita Matondoni na kuingia mkondo wa mikoko hadi pwani yetu.

Kazi hii ina adabu zake, na wajibu wa kuzijua si wa manahodha peke yao. Kizito hulazwa chini, katikati ya mashua, kikaelemea tezi kidogo. Omo ikilemewa, mashua huyumba huku na huku nyuma ya boti. Mzigo hufungwa usitambae, kwani friji moja ikiteleza upande mmoja yatosha kuipindua mashua. Kamba huwa ndefu penye maji mapana, ipate kulegea na kumeza mishtuko ya mawimbi. Mkondoni hufupishwa, mashua isije ikaparamia mikoko. Boti huondoka polepole hata kamba ikaze. Katika mashua inayokokotwa hukaa mtu mmoja mzoefu wa kushika usukani, mwenye kisu kikali karibu, na hapana asimamaye sambamba na kamba: ya nailoni ikikatika hurudi kwa nguvu ya kuvunja mfupa.

Hapa ndipo lilipo neno letu kwenu, akina mama na akina baba. Imekuwa desturi siku ya kupeleka vyombo, wanawake na watoto kupanda juu ya magodoro wakipiga vigelegele. Furaha hiyo twaipenda, na nauli ya chombo cha pili twajua ni nzito. Lakini mashua ile haina mashini ya kujiokoa. Kamba ikikatika wakati kusi inavuma, hubaki mikononi mwa maji. Kitanda kikizama hununuliwa kingine. Mtoto hanunuliwi.

Mtume wetu (s.a.w.) alimwelekeza mwenye ngamia amfunge kwanza, ndipo amtegemee Mola wake. Kwa hiyo tawakali haianzi kamba inapokatika, huanza pale gatini, wakati wa kufunga. Basi vyombo na vipande mashua; watu na wapande boti inayovuta, au chombo kingine, kila mmoja na jaketi lake la kuokolea, mtoto kwa kadiri ya mwili wake. Pesa zikipungua, na ipunguzwe karamu. Mama asiyeridhika na mzigo ulivyofungwa ana haki ya kukataa kupanda, na mume mwema humsikiliza.

Mwenyezi Mungu awahifadhi wasafiri wetu wa baharini. Amin.