Jioni za Muziki kwa Ajili ya Kilembe

Wenzangu walimu mtaniwia radhi ikiwa safari hii sitazungumzia sarufi wala mitihani. Nataka kusimulia jioni tatu za muziki za mwaka 2013, mbili mjini Kasese na moja Bwera.

Tarehe 1 Mei mwaka ule mto Nyamwamba, utokao milima ya Rwenzori na kupita Kilembe na Kasese kabla ya kuingia Ziwa George, ulifurika. Ulichukua madaraja, ukazoa nyumba, na wagonjwa wa hospitali ya Kilembe ikabidi wahamishwe. Baadhi ya wanafunzi wangu walibaki na sare walizovaa tu. Ndipo wanamuziki kadhaa walipokubaliana kupiga bila malipo, na kila aingiaye atoe alicho nacho: fedha, blanketi, sufuria, hata debe la mahindi. Nami nikaombwa niwe mtangazaji.

Kasese hapakuwa na taabu. Tangu reli ilipofika mwaka 1956 kuchukua shaba ya Kilembe, mji ule umezoea watu wa makabila mengi, na Kiswahili changu kilipokelewa vizuri. Bwera mambo yalikuwa mengine.

Bwera i karibu na mto Lhubiriha, na ng'ambo ni Kongo. Wapiga magitaa walivuka kutoka huko kuja kutusaidia. Wakonzo wa kwetu walileta filimbi za eluma, ambazo kila moja hutoa sauti yake moja tu, hata wimbo haukamiliki mpaka kila mtu apulize kwa zamu yake. Walileta pia endara, ile marimba kubwa ya mbao zilazwazo juu ya migomba, ipigwayo na watu kadhaa pamoja. Nikasimama, nikaanza kwa Kiswahili fasaha, nacho, nakiri, nilikuwa nimekiandaa kwa majivuno kidogo. Uwanja ukanyamaza. Mzee mmoja akainuka.

"Mwalimu," akasema kwa Kikonzo, "lugha hiyo mara ya mwisho niliamriwa kwayo nilale kifudifudi barabarani. Leo tumekuja kulia na wenzetu. Kwa nini unatuletea lugha ya bunduki?"

Sikuwa na jibu. Ningeweza kumwambia kwamba katiba yetu imeitaja lugha hii tangu 2005, lakini hayo yangemfaa nini? Amin naye aliitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na waliolazwa kifudifudi hawakuambiwa ni ya kuimbia pia. Nikamwomba radhi kwa Kikonzo, na kwa lugha hiyo nikatangaza mpaka mwisho. Wanande wa ng'ambo walinielewa bila shida, kwa kuwa lugha zao na zetu ni ndugu.

Wageni wale, hata hivyo, nyimbo zao zilikuwa za Kiswahili cha Kongo, na hakuna aliyewazuia. Mmoja aliimba juu ya mama amtafutaye mwanawe kando ya maji. Nilimtazama mzee. Hakupiga makofi, wala hakuondoka.

Usiku tulihesabu mchango chini ya taa ya karabai: shilingi zetu, faranga za Kongo, na dola chache zilizokunjwakunjwa. Mzee aliteuliwa kuwa shahidi. Alizishika noti mwenyewe, akizipanga na kunong'ona: moja, mbili, tatu... kwa Kiswahili, kama wafanyavyo watu waliouza kahawa sokoni Mpondwe miaka mingi. Nadhani hakujisikia. Mimi nilikaa kimya. Nilikwisha sema vya kutosha siku ile.

Asubuhi gari lilipita Kikorongo likiwa limejaa mablanketi na mahindi.

Mei 2020 Nyamwamba ulirudi, ukaiharibu tena hospitali. Mikusanyiko ilikuwa imepigwa marufuku kwa sababu ya korona. Tulichanga kwa simu, kila mtu nyumbani kwake, na endara haikulia.