Nakuru: Mwanga Tele Ziwani, Giza Ukumbini

Ukiondoka Nairobi asubuhi kwa matatu, safari ya kilomita 160 hivi, Bonde la Ufa hukufunukia ghafla ukifika kwenye mteremko. Mlima Longonot uko kule chini, kisha unapita Naivasha, Gilgil na Elementaita hadi Nakuru, mji uliopewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021. Mwanga wa huku hujaa macho. Elekeza kamera yoyote ya video, hata ya bei ya chini kabisa, kwa ndege wa ziwani au ukingoni mwa kreta ya Menengai, na picha itatoka safi kama ya televisheni.

Hapo ndipo wengi hudanganyika. Familia inachanga pesa, inanunua kamera mchana, inaijaribu mlangoni mwa duka na kuridhika. Jioni mtoto anasimama jukwaani na kwaya ya shule, na picha zinatoka nyeusi, zimejaa chenga, wala uso wake hautambuliki. Siku ile hairudi tena.

Huku karibu na ikweta jua hutua kabla ya saa moja jioni mwaka mzima, na giza huingia upesi. Kwa hivyo usiijaribu kamera juani. Mwombe muuzaji muingie nayo chumba cha nyuma, azime taa zote isipokuwa moja, kisha umpige picha yeye mwenyewe akitembea. Akikataa, nenda duka la pili.

Atakutajia 4K na wingi wa pikseli. Mwache amalize, halafu muulize mambo mawili. La kwanza ni ukubwa wa sensa, kile kipande kinachopokea mwanga nyuma ya lenzi. Sensa ya inchi 1 ina eneo karibu mara nne ya ile ya inchi 1/2.3 iliyo katika kamera nyingi za mfukoni. La pili ni lenzi. Namba iliyo baada ya f ikiwa ndogo, mwanga unaoingia ni mwingi. Lakini tazama namba zote mbili! Lenzi yenye f/1.8 ukipiga kwa upana inaweza kuwa f/4 ukivuta picha karibu, na hapo unabaki na moja ya tano tu ya mwanga. Nawe umeketi nyuma ukumbini, lazima uvute.

Sasa twende Nakuru Players Theatre, au ukumbi wa dansi katika jumba la Lord Egerton kule Ngata, lililojengwa kati ya 1938 na 1954 na ambalo leo ni mali ya Chuo Kikuu cha Egerton. Katika kumbi za namna hii mwimbaji huwa kwenye taa na nyuma yake ni kiza. Kamera ikijiamulia yenyewe hukiona kile kiza, huongeza mwanga, na uso wa mwimbaji unakuwa mweupe kama karatasi. Nunua ile inayokuruhusu kupunguza mwanga kwa mkono wako.

Umeme wetu huenda mizunguko 50 kwa sekunde. Kamera iliyoletwa kutoka Marekani huenda imepangwa kwa 60, na taa zitaonekana zikipepesa. Ipange ipige picha 25 kwa sekunde, shata iwe 1/50.

Hakikisha pia kuna tundu la maikrofoni ya nje, na kwamba kamera haikomi katikati ya tamasha. Baadhi ya kamera za picha hujizima zikifika dakika 29 na sekunde 59.

Siku yenyewe fika mapema, simamisha kamera kwenye miguu mitatu kando ya njia ya kati, kisha umtafute anayeshughulika na taa. Mwombe kwa heshima akuachie mbili za mbele zikiwaka. Taa hizo hazitakugharimu hata shilingi.